Dizeli chafu inavyokula faida ya mkulima Singida

NI mwezi wa Juni. Alizeti imekwishavunwa na magunia yamepangwa barazani yakisubiri kupelekwa kwenye mashine za kukamua mafuta Singida mjini. Gari lipo, dereva yupo na mnunuzi amekwishapiga simu mara mbili. Lakini stata inazunguka mpaka betri inachoka, injini haiwaki.

Hali kama hiyo iliwahi kumkuta mwandishi wa makala haya katika mlima Sekenke, wilayani Iramba, akitokea Shelui na pikapu kuukuu iliyobeba mpunga. Gari lilipanda nusu ya mlima, likapungua nguvu, likazima. Tulilala pale. Asubuhi alikuja fundi kwa pikipiki. Hakugusa pampu wala nozeli. Alifungua nati ya chini ya tangi, yakatoka maji yenye kutu yapata nusu lita, ndipo dizeli ikafuata.

Dizeli ile niliinunua kwenye dumu njiani kwa sababu ilikuwa nafuu kidogo. Nilichookoa hakikutosha hata kumlipa fundi, na mteja niliyemkusudia alikuwa amekwishanunua mpunga wa mtu mwingine.

Wakulima na wafanyabiashara wengi mkoani Singida wanategemea magari ya zamani ya dizeli: Hilux, Land Cruiser, Canter na matrekta. Uzuri wa magari hayo ni kwamba sehemu kubwa ya usafi wa mfumo wa mafuta inaweza kufanyika nyumbani kwa spana chache, dumu safi na uvumilivu.

Uchafu unatoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni maji. Tangi likilala nusu tupu, hewa iliyomo ndani hupoa usiku na kuacha matone kwenye kuta za bati. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hushuka chini, yakaleta kutu na utelezi mweusi unaoziba filta. Dawa rahisi ni kujaza tangi jioni, hasa miezi ya baridi ya Juni na Julai.

Chanzo cha pili ni vumbi linaloingia kupitia mfuniko mbovu au mpira wa kujazia mafuta. Cha tatu ni mafuta yenyewe. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kuliwahi kushamiri nchini, hadi EWURA ikaanzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchakachua. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri kama dizeli, na pampu ya gari la zamani inalainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake.

Kwa hiyo nunua kituoni na udai risiti. Ukilazimika kununua kwenye dumu, jaza kwanza chupa nyeupe na uiache itulie. Dizeli nzuri huonekana angavu. Ukiona maji chini au ukungu, usiimimine kwenye tangi.

Dalili za kuangalia

Gari lenye mfumo mchafu huwa gumu kuwaka asubuhi, hukosa nguvu kwenye mlima au likiwa na mzigo, na wakati mwingine huzima kisha likawaka baada ya kupumzika. Likimisi na kutoa moshi mweusi, huenda tatizo limefika kwenye nozeli. Lakini usikimbilie huko. Kabla ya kulaumu nozeli angalia filta ya hewa, maana nayo ikiziba huleta moshi mweusi.

Kazi ya kufanya nyumbani

Fanya kazi hii nje, mbali na moto na sigara, injini ikiwa imepoa. Anza na tangi. Acha dizeli itulie usiku mzima bila gari kutikiswa, kisha fungua nati ya chini na kinga kwa beseni. Maji na matope yakiisha, suuza tangi kwa lita chache za dizeli safi na uzimwage. Usisuuze kwa maji, wala kwa petroli, maana mvuke wake hulipuka. Tangi likiwa na tundu, usichomelee hata kama linaonekana tupu.

Pili, zibua bomba. Lichomoe kwenye filta, fungua mfuniko wa tangi, kisha pulizia hewa kuelekea kwenye tangi kwa pampu ya baiskeli. Ukisikia mapovu tangini, njia iko wazi. Usivute dizeli kwa mdomo, kwani ikiingia kwenye mapafu ni hatari. Kagua pia mipira. Mpira wenye ufa unaweza kuvuta hewa bila kuvujisha hata tone moja.

Tatu, badilisha filta. Usiioshe ile ya zamani, kwa sababu uchafu mwembamba haushuki na karatasi yake hulegea. Kwenye Toyota nyingi kuna swichi ya taa ya maji chini ya filta. Ihamishie kwenye filta mpya. Paka dizeli safi kwenye mpira, kisha kaza kwa mkono. Kati ya badiliko moja na jingine, legeza kizibo cha chini ya filta mara kwa mara ili maji yatoke.

Nne, toa upepo. Legeza skrubu ya juu ya filta, minya pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Kama filta haina skrubu hiyo, minya mpaka pampu iwe ngumu. Piga stata kwa sekunde 10 hadi 15, pumzisha, kisha rudia. Injini ikiwaka, iache ikae dakika kadhaa na ukague kama kuna mahali panapovuja.

Mpaka wa kazi yako

Kila kilicho mbele ya filta, yaani pampu na nozeli, mwachie fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Tairi la pikapu lina paundi 30 hadi 40 za upepo. Nozeli ya injini ya zamani hufunguka kwa takriban paundi 1,500 au zaidi, na mchirizi wake unaweza kupenya ngozi ya mkono. Aliyechomwa na mchirizi huo aende hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo. Kuchokonoa nozeli kwa waya nako huharibu tundu lake, na hapo umenunua nozeli mpya.

Magari mapya ya dizeli yenye kompyuta, ambayo presha yake hufika paundi 20,000 hivi, hayahusiki na maelekezo haya ya kutoa upepo.

Swali jingine linaloulizwa sana Singida ni kama mafuta ya alizeti yanaweza kutumika badala ya dizeli. Injini ya aina hii iliwahi kuendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900. Hata hivyo, mafuta mabichi ya mimea ni mazito na huacha ukoko kwenye nozeli. Afadhali uyauze.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano wa pikapu inayokwenda kilomita 10 kwa lita. Kutoka Singida hadi Dodoma, takriban kilomita 240, itatumia lita 24. Nozeli zikichafuka na gari likashuka hadi kilomita 8 kwa lita, itatumia lita 30. Kwenda na kurudi umepoteza lita 12. Kwa safari nne za mwezi ni lita 48. Zidisha kwa bei ya dizeli ya leo, kisha linganisha na bei ya filta.

Hapo hatujahesabu kuku waliokufa kwenye matenga gari likiwa limezima juani, wala vitunguu vilivyooza. Vitabu vya magari haya hutaja kubadili filta kati ya kilomita 10,000 na 20,000. Kwa vumbi letu, chagua ile ndogo. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari lile lile la mauzo, kwa sababu filta nayo ni gharama ya kilimo kama ilivyo mbegu. Na kazi hii ifanyike Aprili, kabla magunia hayajafika barazani.