Echeveria: majani yanayoitwa maua

Hapa Kambove, karibu kila mmea wa chunguni unaopamba baraza huitwa maua. Hata echeveria zangu majirani huziita hivyo, ingawa kinachowavutia ni majani: manene, yamepangwa duara kama waridi lililochanua, mengine ya kijivu, mengine yenye ncha nyekundu. Jina hilo lilitolewa mwaka 1828 kwa heshima ya Atanasio Echeverría, mchoraji wa mimea wa Mexico, nchi yenye aina nyingi za mmea huu.

Echeveria huweka akiba ya maji majanini. Vitundu vidogo vya majani yake hufunguka hasa usiku kuvuta hewa, na mchana hujifunga ili maji yasipotee. Ndiyo sababu anayeimwagilia kila siku kwa mapenzi huiua: mizizi hukosa hewa ikaoza. Mwagilia udongo mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha ngoja ukauke kabisa. Maji yasituame katikati ya majani.

Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua zinapozidi, mimi huziweka chini ya upenu, upande wa jua la asubuhi. Kiangazi huzitoa nje. Jua na baridi ya usiku wa Juni na Julai huchochea jani kutengeneza rangi nyekundu inayolikinga na mwanga mkali. Ukiificha sebuleni hurudi kuwa kijani, na shina hurefuka likitafuta mwanga. Iliyozoea kivuli izoeshwe jua polepole, isiungue.

Kwetu, udongo unahitaji uangalifu zaidi. Vilima vingi vya shaba vya Katanga havina miti kwa sababu shaba na kobalti zikizidi ni sumu kwa mimea mingi. Watafuta madini walivitambua kwa dalili hiyo. Basi usichote udongo kwenye malundo ya mgodi, wala mchanga wa mto chini ya mahali madini yanapooshwa. Mimi huchanganya sehemu mbili za mchanga safi, moja ya mboji, na vipande vya makala, ndani ya kopo lililotobolewa chini kwa msumari.

Kuongeza mimea ni rahisi. Ng'oa jani zima, liache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha lilaze juu ya udongo. Baada ya wiki kadhaa litatoa mizizi na kichipukizi.

Sisi wa kitivo cha lugha tunayo kumbukumbu rahisi ya haya yote. Shubiri, utomvu mchungu wa mmea mwingine wa majani manono, na subira ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu: swadi, be, re. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole udongoni. Ukikuta unyevu, rudisha maji ndani.