Mita "Janja": Tahadhari kwa Wafasiri

Miongoni mwa istilahi zinazoenea upesi siku hizi, katika matangazo ya biashara na hata katika barua za ofisi, ni zile zinazoundwa kwa kivumishi -janja: simu janja, taa janja, nyumba janja, na sasa mita janja. Simu janja imekwisha kukubaliwa na wasemaji, wala si kazi yetu kuing'oa. Lakini mita ni jambo jingine, kwani mita hushika fedha ya mtu.

Yafaa mfasiri amfikirie msomaji wake. Katika Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wananchi wengi hukua wakisema Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, au Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Kwao Kiswahili huja baadaye, aghalabu shuleni, na neno "mjanja" huja pamoja na hadithi za sungura amlaghaiye fisi. Mtu wa Haydom au Katesh akisomewa kwamba atafungiwa mita janja, ana haki ya kuuliza: imjanjie nani? Mtu wa mwambao naye angeuliza vivyo hivyo.

Hapana budi kutazama kazi ya chombo. Mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, hukata umeme yenyewe uniti zinapokwisha. Hiyo inajiendesha tu, kwa kufuata kanuni moja. Taa ya ofisi iwakayo giza liingiapo ina kihisi: hupima mwanga, kisha hutenda. Mita ipelekayo hesabu zake kwa shirika, bila mtu kuja kuisoma, ina sifa ya tatu, nayo ni mawasiliano. Sifa tatu zote zimevikwa neno moja.

Mfano wa karibuni ni wa mwaka 2024. Hadi wakati huo namba ya umeme ya LUKU ilibeba ndani yake hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Hesabu hiyo ilikuwa na nafasi ya dakika 16,777,216 tu, nayo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo wateja wa TANESCO walipewa mafungu mawili ya tarakimu 20 ya kuingiza kwanza, kabla ya namba ya umeme walionunua. Kwa mwananchi maelezo yalikuwa mepesi: hesabu ya dakika ndani ya mita inaanza upya, na kazi hii hufanywa mara moja. Neno "janja" lingeyatia shaka bure.

Kwa maoni yetu, "kujiendesha" litumike kwa jumla, na "kihisi" kwa kiungo kipimacho. Mafundi waendelee na "otomatiki" yao, maana imekwisha kuzoeleka. Kwa mita ya aina ya tatu twapendekeza "mita yenye kuarifu", jina refu kidogo, lakini halimtishi mtu. Walimu wa Dongobesh na Endasak wangetusaidia sana kama wangejaribu kukieleza chombo hicho kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha watuandikie ni neno gani lililowatoka.