Ahadi za Mgombea Ubunge, Kutoka Ubena hadi Dodoma

Mgombea ubunge anayepanda jukwaani Ubena, kwenye barabara kuu ya Morogoro, hawezi kushuka bila kuzungumzia maji. Jimbo la Chalinze, ambamo kata hiyo imo, lina sehemu kubwa iliyo kame, na visima vingi vikichimbwa hutoa maji ya chumvi. Maji baridi ya kutegemewa yako Mto Wami. Kuyatoa huko kunahitaji mitambo ya kuyasafisha, pampu, matangi na mabomba ya kilomita nyingi. Mradi wa Maji Chalinze ulijengwa kwa awamu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kusudi hilo, na kila uchaguzi umewakuta wagombea wakiahidi kuukamilisha, kuupanua au kuukarabati. Mama aliyebeba dumu kichwani haombi afafanuliwe itikadi ya chama. Anataka kujua bomba litafika lini kitongojini kwake.

Uchaguzi mdogo wa tarehe 6 Aprili 2014 unaonyesha vizuri jinsi ahadi za namna hiyo zinavyozaliwa. Mbunge wa Chalinze, Said Bwanamdogo wa CCM, alifariki Januari mwaka huo. Katika kura za maoni za CCM, Ridhiwani Kikwete, mwanasheria na mtoto wa Rais wa wakati huo, aliwashinda wenzake, akiwamo Ramadhani Maneno aliyewahi kuwa mbunge wa jimbo hilo, na Iman Madega aliyewahi kuwa mwenyekiti wa klabu ya Yanga. CHADEMA ilimsimamisha Mathayo Torongey, CUF ikamsimamisha Fabian Skauki, na vyama vidogo navyo vikatoa wagombea. Ridhiwani alishinda kwa kura zaidi ya 20,000, akiwaacha mbali wapinzani wake. Jimbo hilo aliwahi kulishika baba yake, Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, hadi alipochaguliwa kuwa Rais mwaka 2005.

Ukisikiliza kampeni za Chalinze utadhani vyama vyote vina imani moja, kwa kuwa wote wanaahidi maji, zahanati, barabara, na ajira kwa vijana. Tofauti iko chini ya ahadi hizo. CCM bado imeandika ujamaa na kujitegemea katika katiba yake, ingawa tangu uamuzi uliofanyika Zanzibar mwaka 1991 wa kulegeza masharti ya Azimio la Arusha, serikali zake zimefungua milango kwa wawekezaji na biashara binafsi. Mgombea wake hujieleza kama mtekelezaji: ilani ya chama imeshaandikwa, naye anaomba atumwe kuisimamia. CHADEMA, iliyosajiliwa baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, imekuwa ikitaka mamlaka yashushwe kutoka makao makuu ya nchi, na kaulimbiu yake imekuwa nguvu ya umma. CUF imebeba haki sawa kwa wote. Mwaka ule wa 2014 tofauti hizo zilijitokeza wazi, kwani Bunge Maalumu la Katiba lilikuwa limeanza kukaa Dodoma tangu Februari. CCM ilitetea muundo wa serikali mbili. CHADEMA na CUF zilitaka serikali tatu.

Imani binafsi ya mgombea ina nafasi finyu katika mpangilio huu. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo la mwisho mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimkubalia, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikaamua kwamba Tanzania inakiuka haki za raia kwa kuwazuia wagombea binafsi. Sharti lenyewe halikuondolewa. Mbunge akikihama chama chake anapoteza kiti; kwa hiyo anapotofautiana na chama juu ya jambo linalowaumiza wapiga kura wake, hupima maneno.

Jambo ambalo wapiga kura hawaelezwi vya kutosha ni hili: mbunge hana fungu la kujenga mradi wa maji. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia mapendekezo ya kutoza kodi au kutumia fedha za serikali, isipokuwa yamewasilishwa na Rais kupitia waziri. Mbunge anaweza kuuliza maswali, kuleta hoja binafsi, kuibana wizara kwenye kamati, na kuchangia kwa ukali wakati wa bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Anaweza hata kuipigia bajeti kura ya hapana. Lakini Bunge zima likiikataa, Rais anaruhusiwa kulivunja na wote warudi kwa wapiga kura, jambo ambalo wabunge wachache wangependa kulijaribu. Anayesema “nitawaletea maji” kwa hakika anasema atapiga hodi wizarani na hatachoka. Ahadi hiyo ni halali na ina thamani, ila inafaa itamkwe hivyo, pamoja na jina la ofisi itakayobishiwa hodi.

Fedha zilizo karibu na mbunge ni za Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mgawo wake huzingatia idadi ya watu, kiwango cha umaskini na ukubwa wa eneo, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati inayogawa. Mfuko huu hutosha mabati, saruji, madawati, au kumalizia boma la darasa ambalo wananchi wameshalipandisha kwa nguvu zao. Hautoshi kulaza bomba kutoka Wami. Mbunge pia ni mjumbe wa baraza la madiwani katika Halmashauri ya Chalinze, iliyomegwa kutoka Bagamoyo, na hapo ndipo mipango mingi ya zahanati na shule huanzia. Diwani wa Ubena, asiyepigiwa debe kwa magari ya matangazo kama mbunge, ana kura moja sawa na ya mbunge ndani ya baraza hilo.

Migogoro ya ardhi ni ahadi ngumu kuliko zote. Wakwere, Wazigua na Wadoe wanalima mahindi, mihogo na ufuta. Wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig wanatafuta malisho na maji kwenye ardhi hiyohiyo. Kiangazi kikikaza, ng'ombe huingia shambani, na mara nyingine watu huumizana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka usimamizi wa ardhi mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Mbunge hawezi kumgawia mtu hata robo eka. Anachoweza ni kusukuma vijiji vipimwe, mipango ya matumizi ya ardhi ikamilike, na mapito ya mifugo, malambo na majosho yatengwe na kuheshimiwa. Mgombea anayewaahidi wakulima kwamba atawafukuza wafugaji, halafu jioni akawaahidi wafugaji malisho, anachochea moto ambao hatakuwapo kuuzima.

Upande wa bahari, katika Jimbo la Bagamoyo, ahadi kubwa ilikuwa bandari. Makubaliano na China yalitiwa saini Machi 2013 Rais Xi Jinping alipozuru Tanzania, na jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu. Serikali iliyofuata iliyaona masharti yake kuwa ya kinyonyaji, na mwaka 2019 Rais John Magufuli aliyasema hadharani. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nia ya kufufua mazungumzo. Katika mvutano wote huo, mbunge wa eneo husika hakuwa na kauli ya mwisho.

Ahadi za jukwaani zina pacha wake, nazo ni zawadi za kampeni. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Mahakama Kuu iliyafuta mwaka 2006 kwa kuwa yalimpendelea mwenye fedha na kufungua njia ya rushwa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ikaongeza masharti ya kutangaza mapato na matumizi ya kampeni.

Mbunge asipotimiza aliyoyaahidi, mpiga kura hana njia ya kumrudisha nyumbani kabla ya muda. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza wapiga kura wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge wao, na mbunge asizidi vipindi vitatu. Rasimu hiyo ndiyo iliyokuwa mezani Dodoma wakati Chalinze inapiga kura Aprili 2014. Katika Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa Oktoba mwaka huo, vipengele vyote viwili vilikuwa vimeondolewa, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa.