Kuku anayeatamia hataki wageni

WAHENGA walisema kuku havunji yai lake. Walilosahau kutuambia ni kwamba wenzake watamvunjia.

Mwaka jana, mmoja wa kuku wetu saba wa kienyeji alianza kuatamia katika kibanda kilichoko nyuma ya nyumba yetu, mtaani Githurai. Tulimwekea mayai 12, tukamwacha papo hapo na wenzake. Baada ya wiki moja tulihesabu mayai 17! Wenzake walikuwa wakimsukuma na kutaga katika kiota chake, na katika msukumano huo mengine yalipasuka.

Siku ya 21 ilipofika, vifaranga saba walianguliwa. Siku mbili baadaye mama yao alitoka nao kutafuta chakula, na yale mayai ya wageni yakapoa, vifaranga wakiwa wangali ndani. Jioni hiyo tulikuta vifaranga wawili wamedonolewa na kuku wengine hadi kufa. Kitinda mimba wangu, aliyekuwa amewapa wote majina, alilala bila kula.

Jirani yetu, nyanya aliyefuga kuku tangu utotoni, hakutuficha kosa letu. "Mwanangu, mzazi hutengewa chumba," alisema.

Utamjuaje kuku aliye tayari kuatamia? Hatoki kiotani mchana wala usiku, huvimbisha manyoya na kulalamika ukimkaribia. Mhamishe usiku, kwa kuwa gizani hatahangaika sana. Kasha lenye nyasi kavu, mahali penye kivuli na utulivu, linatosha. Mkague kwanza chawa na utitiri, kwani wadudu hao humfanya ayakimbie mayai.

Mwekee mayai 10 hadi 12 yasiyozidi wiki moja tangu kutagwa, na yote siku moja. Yatie alama kwa penseli. Lisilo na alama ni la mgeni, liondoe. Maji na mahindi yawe karibu, maana hutoka mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache.

Baada ya siku saba, mulika kila yai gizani kwa tochi ya simu. Lenye uhai huonyesha mishipa ya damu; linalopenya mwanga lote halina kitu.

Vifaranga wakianguliwa, usiwe na pupa. Kiini cha yai kilichobaki tumboni huwalisha kwa siku moja au mbili. Kisha wape chakula cha vifaranga, wala si kile cha kuku wanaotaga, ambacho kina kalsiamu nyingi inayoweza kudhuru figo zao. Maji yawe katika kisahani chenye kokoto ili wasizame.

Jambo ambalo wengi wetu hupuuza ni kuwarejesha kwa wenzao. Kwa wiki mbili au tatu, watenganishe kwa wavu ili waonane bila kugusana. Ukiwafungulia, weka vyombo kadhaa vya chakula na upenyo mdogo ambao vifaranga pekee wanaweza kupita wakifukuzwa.

Usisahau chanjo ya kideri, ugonjwa unaoweza kufagia kibanda kizima. Muulize afisa wa mifugo kuhusu ratiba yake. Kwa kuwa chupa moja aghalabu hutosha kuku wengi, shirikianeni na majirani.

Wakifikisha wiki sita hadi nane, mama huanza kuwafukuza. Hapo mwondoe yeye, vifaranga wabaki mahali walipopazoea.

Tulijaribu tena Aprili tukifuata ushauri huo. Kati ya mayai 12 tulipata vifaranga 10, na tisa wamekua. Kitinda mimba wangu huwahesabu kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na siku hizi hurudi mezani akiwa na hamu ya kula.