Kutu, Kupunguza na Kurudisha: Istilahi za Shaba na Ugeuzaji wa Kaboni Dioksidi

1. Utangulizi

Istilahi ya sayansi hupimwa kwa uwezo wake wa kumfikisha msomaji kwenye jambo lenyewe. Makala haya yanaeleza suala moja la kemia ya umeme, yaani ugeuzaji wa kaboni dioksidi kwa shaba nyekundu iliyokwisha kuoksidishwa, kisha yanapima maneno matatu yanayoweza kulieleza kwa Kiswahili.

2. Jambo lenyewe

Kaboni dioksidi ni molekuli tulivu, ambayo hubaki baada ya kuni, makaa na mafuta kuungua. Ili igeuke tena kuwa kitu chenye nishati, hapana budi ipewe elektroni kutoka kwenye umeme na, mara nyingi, haidrojeni kutoka kwenye maji. Elektroni 2 hutoa kaboni monoksidi au asidi ya fomiki. 8 hutoa methani. 12 hutoa ethilini au ethanoli. Katikati ya miaka ya 1980 Yoshio Hori na wenzake, huko Japani, walionyesha kwamba shaba hutofautiana na metali nyingine kwa kutoa methani na ethilini. Ila ya shaba ni kwamba ilidai msukumo mkubwa wa umeme, na mazao yake yalichanganyika.

Mwaka 2012 Christina Li na Matthew Kanan, wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza njia nyingine. Bamba jembamba la shaba lilipashwa moto hewani kwa nyuzi 500 za Selsiasi hadi likafanya tabaka nene la oksidi. Kisha umeme ulipitishwa, oksijeni ikaondoka, na oksidi ikawa shaba tena. Shaba hiyo iligeuza kaboni dioksidi kuwa kaboni monoksidi na asidi ya fomiki kwa msukumo mdogo kuliko shaba ya kawaida. Mwaka 2014 wao pamoja na Jim Ciston walionyesha kwamba shaba ya namna hiyo huweza kugeuza kaboni monoksidi kuwa ethanoli na mazao mengine ya majimaji, yakichukua hadi asilimia 57 ya mkondo wa umeme.

Kwa nini shaba iliyopitia oksidi izidi ile isiyopitia? Wako waliodai kwamba oksijeni kidogo husalia ndani yake. Wengine walishikilia kwamba shaba hiyo hujengeka upya kwa chembe ndogo ndogo, na kwamba kwenye maungio ya chembe hizo ndiko kazi inakofanyika. Mwaka 2018 Yanwei Lum na Joel Ager walitumia oksijeni nzito kama alama, wakakuta kwamba oksidi iliyosalia haifiki asilimia 1. Ushahidi huo uliidhoofisha hoja ya kwanza.

3. Maneno matatu

(a) Kutu. Neno hili huchukua maana ya uharibifu: kutu hula chuma. Tena ganda la kijani la shaba iliyokaa nje si oksidi tupu. Tabaka linalozungumzwa hapa limetengenezwa kwa makusudi. Kwa hivyo oksidi ni neno lifaalo zaidi.

(b) Kupunguza. Hii ni tafsiri ya wepesi ya istilahi ya Ulaya, lakini inapingana na hesabu. Kaboni dioksidi inayogeuka kuwa ethanoli hupokea elektroni. Mwanafunzi aambiwaye kwamba imepunguzwa atauliza, kwa haki, ni nini kilichopungua.

(c) Kurudisha. Asili ya istilahi hiyo ya Ulaya ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kurudisha. Wafua metali waliitumia kwa kuirudisha metali kutoka kwenye mawe yake. Maana hiyo inaiafiki shaba ya Stanford, na pia kaboni inayorejeshwa katika hali ya kuweza kuungua.

Huenda ikapingwa kwamba kinachorudishwa huwa kile kile cha awali, ilhali shaba hii hurudi ikiwa na umbo jipya. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, kurudisha huacha jambo lisemwe zaidi, na fasili inaweza kulikamilisha. Kupunguza husema kinyume chake.

4. Hitimisho

Inapendekezwa, basi, kwamba urudishaji utumike kwa maana ya kupokea elektroni, ukiwa jozi ya uoksidishaji. Tafsiri iliyofuata sura ya neno la kigeni bila kuuliza historia yake humtwika mwanafunzi mzigo ambao kemia yenyewe haikumtwika.