Subana za Tony Iommi

Nilipoirudia usiku mmoja santuri ya kwanza ya Black Sabbath, si mvua wala kengele, zinazoutangulia wimbo wa ufunguzi uitwao kwa jina la bendi yenyewe, zilizoninyima usingizi, bali zile sauti tatu za gita zinazofuata, nzito na za taratibu, nikawa najiuliza ni vidole gani vilivyozitoa.

Tony Iommi wa Birmingham, mpiga gita wa bendi hiyo, alikuwa na umri wa miaka 17, akiwa katika siku yake ya mwisho ya kazi kiwandani, na husimulia kwamba adhuhuri alikusudia asirejee tena, ila mama yake akamhimiza arudi akaimalize siku kwa adabu. Akarudi, na mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete, na kwa kuwa yeye hupiga kwa shoto, mkono huo ndio ubanao nyuzi. Matabibu walimkatisha tamaa. Msimamizi wake akamsikilizisha Django Reinhardt, fundi wa gita ambaye moto ulimlemaza vidole viwili. Ndipo Iommi akatwaa chupa ya plastiki ya sabuni, akaiyeyusha, akaifinyanga vitonge, akavitoboa kwa chuma cha moto hata vidole vikaingia, akavisugua kwa subira mpaka vikawa subana, kisha akavivika ngozi ili visiteleze juu ya waya. Subana haihisi, hivyo ilimlazimu sikio limwambie kiasi cha kubana. Nyuzi za kawaida zikimwelemea, akafunga za banjo, zilizo nyembamba.

Santuri ilirekodiwa London, Oktoba 1969, kwa muda wa siku moja hivi. Wimbo ule wa ufunguzi ulikuwa umekwisha kuzaliwa pale Geezer Butler, mpiga besi wa bendi, alipokuwa akijichezea kwa besi "Mars" ya Gustav Holst, na Iommi akaitikia kwa sauti zake tatu: ya kwanza, ile ile ikipanda juu, kisha ya tatu isiyopatana nazo, inayoliacha sikio likingoja suluhu isiyokuja. Mvua, radi na kengele zilitiwa baadaye.

Lau yule kijana asingerudi kazini, je, uzito huu ungalipatikana? Na mama aliyemhimiza, moyo wake ulisema nini jioni ile?

Msomaji, ukiipata santuri hii iliyotoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970, iache mvua ipite, kisha usikilize vile vidole.