Mchirizi Usoni mwa Punda

Apitaye Ipagala wakati wa kiangazi, pepo za Dodoma zikitimua vumbi, huenda akamkuta punda amesimama na madumu yake ya maji mgongoni, na usoni mwake, kuanzia pembe ya ndani ya jicho hata shavuni, pana mchirizi mweusi unaoandamwa na inzi. Naye akanena kwa huruma kwamba mnyama yule analilia mzigo wake. Huruma hiyo ni njema, walakini chanzo cha machozi hayo yafaa kitafutwe ndani ya kichwa cha punda, wala si mgongoni.

Machozi hutengenezwa na tezi iliyojificha juu ya jicho kwa upande wa nje, ikisaidiwa na nyingine iliyomo katika kope ya tatu, ule utando utokao pembeni na kulipangusa jicho. Yakiisha kuiosha konea, yaani ngozi ang'avu ya mbele ya jicho, hupokewa na vitundu viwili vidogo, kimoja katika kila kope, yakaingia katika mrija mwembamba upenyao mfupa wa uso na kuteremka hadi puani. Hapo ndipo punda anapofarikiana na nduguye farasi: tundu la mwisho la mrija kwa farasi liko sakafuni mwa pua, bali kwa punda liko ubavuni, ndani ya ukuta wa nje wa pua, hata tabibu aliyezoea farasi akilitafuta chini hulikosa.

Mrija ukizibwa na usaha, takataka au uvimbe, machozi hayana budi kufurika. Fauka ya hayo, inzi hubeba mabuu ya minyoo iitwayo Habronema, ambayo yakiachwa katika pembe ya jicho yenye unyevu huzua vidonda na uvimbe wa kuubana mrija. Basi mchirizi huita inzi, na inzi huzidisha mchirizi.

Daktari wa mifugo huanza kwa tone la fluoresini, rangi ing'aayo kijani: aitiapo jichoni, huitazamia puani baada ya dakika chache, na ikitokea, njia i wazi. Rangi hiyo hiyo hushika penye kidonda cha konea na kukidhihirisha. Kujua mrija umeziba mahali gani ni kazi ya eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895. Na kwa kuwa mrija peke yake hauonekani vema katika picha, hutiwa kwanza dawa ya ayodini, ukatokea mweupe kama uzi, na uzi unapokatika ndipo penye kizuizi. Ama jicho lenyewe, konea ikiwa imefanya ukungu, hupimwa kwa ultrasaundi juu ya kope iliyofumbwa: majimaji huonekana meusi, nyuso za lenzi hung'aa, na retina iliyobanduka hujulikana.

Mwenye punda asiye na mashine hizo ana wajibu wake: apanguse uso kwa kitambaa safi na maji safi, azoe samadi inayozalisha inzi, na amwite daktari mapema. Illa ajihadhari asimtie punda matone ya macho yaliyobaki nyumbani, kwani yakiwa na steroidi, na konea ikiwa na kidonda, dawa iliyokusudiwa kuponya yaweza kulipofua jicho.